Mlimweka Mlangoni Akiwa Mgonjwa

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, maana leo nimekuja na hasira, na yeye aliijua kabla sijafika mlangoni, na bado ameniacha nisimame mbele yenu.

Ndugu zangu wa Kinama, mnanifahamu. Mimi ni Mama Arsène, muuza ndagala wa pale soko la Cibitoke, upande wa wauza mkaa. Kwa wageni wa leo: ndagala ni wale dagaa wa ziwa letu hapa Bujumbura, na mimi ni mjane, nina mtoto mmoja tu, na jina lake ndilo mnaloniitia. Mzee Zakaria, kiongozi wetu wa maombi, aliniagiza nitoe ushuhuda mfupi na wa furaha, nishukuru kwa uponyaji wa mwanangu, kisha nikae. Mzee, kushukuru nitashukuru. Kukaa nitakaa. Lakini ufupi sikuahidi, na furaha itanisubiri kidogo hapo nje.

Arsène wangu alikuwa fundi cherehani kwenye atelie moja ya Cibitoke, karibu na wachomelea milango. Alishona magauni ya harusi, suti za wachumba, sare za kwaya hii hii. Ninyi wanakwaya mliokaa hapo kushoto, mikunjo ya sketi zenu ni mkono wake. Na alikuwa mtu wa kusalimia! Kutoka nyumbani hadi kazini ilimchukua muda kama mbunge anayeomba kura, kwa sababu hakumpita mtu.

Na mnajua salamu ya kwetu. Kwetu mtu hapungi tu kwa mbali akaenda zake. Anakupa mkono wa kulia, wa kushoto ameushika kiwiko kwa heshima, anakuuliza watoto, anakuuliza wagonjwa, anakuuliza mihogo ya kule kwenu, na mkono wako bado anao. Mtu akikataa mkono, hilo ni jambo kubwa. Jioni ile ile kartie nzima, yaani mtaa wote, inaulizana: kuna nini pale kwa fulani? Amekosewa nini? Anaumwa? Na watu wanakuja kuona. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunagundua mambo, ndugu zangu. Mkono ukikosekana, watu wanakuja.

Kisha ukaja ule ugonjwa wa dunia nzima. Sitawadanganya kwamba tulifungiwa ndani kama watu wa nchi zile tulizozisikia redioni. Hapa kwetu soko lilikuwa wazi, makanisa yalikuwa wazi, mpira ulichezwa. Lakini mipaka ilifungwa, na sisi tukaambiwa tunawe, tukae mbali mbali, tusipeane mikono. Sikatai! Maji na sabuni ni vitu vizuri, na watu walikufa kweli. Kesho asitoke mtu hapa akasema Mama Arsène anapinga kunawa. Ninachosema ni kwamba siku tulipoacha kupeana mikono, tulizima taa ambayo hatukujua kwamba tunaitumia.

Maana mwanangu alianza kukataa mikono. Nani angeona? Kila mtu alikuwa anakataa! Alianza kukwepa watu njiani. Kila mtu alikuwa anakwepa. Alianza kusema kwamba majirani wana kitu kibaya wanachotaka kumpa. Redio ilikuwa inasema hivyo hivyo! Nilimwona akipita upande wa pili wa barabara ili asikutane na rafiki yake wa utotoni, nami nikawaambia wenzangu wauza ndagala: mnaona mwanangu alivyo makini?

Siku moja mteja wake mmoja alikuja hadi kwenye meza yangu ya samaki, analia. Alikuwa amempelekea Arsène kitenge kile chenye picha za macho makubwa, mnakijua. Arsène alikuwa ameshona gauni zima ndani nje, macho yote yakaangalia tumbo la mwenyewe. Nilicheka! Tulicheka wote pale sokoni. Tukasema ni uchovu, maana atelie ilikuwa inashona barakoa usiku na mchana. Nikamuuliza nyumbani, akasema kwa sauti ya chini, "Yale macho yalikuwa yananiangalia, mama. Ningefanya nini?" Nikafikiri ni utani wa fundi.

Sasa nakuja kwenye jambo letu, la kanisa hili. Msiangalie chini, niangalieni mimi.

Ninyi mlimwona mwanangu. Mlimwona amevaa barakoa mbili moja juu ya nyingine, ananawa hadi kwenye kiwiko, anasimama peke yake. Mzee Zakaria na wazee wenzake mkasema: kijana huyu ni makini kuliko wote, Mungu amemwita ailinde nyumba yake. Mkamweka pale, pale mlangoni, na ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni ya bluu. Mkamwekea mikono kichwani, yaani mikono ileile tuliyokatazwa kupeana, mkamwombea, wamama wakapiga vigelegele. Na mimi nilipiga.

Arsène alishika kazi ile kwa moyo wote. Alimnawisha mtu mara moja, akamrudisha anawe tena. Mnakumbuka alipomsimamisha Mama Gloriose, mwenzetu wa hapa kanisani? Alimwambia, "We ingia, lakini hawa wanaokufuata nyuma yako, apana." Nyuma ya Mama Gloriose hapakuwa na mtu! Na sisi tukasema nini? Tukasema anaona rohoni! Mama Gloriose wa watu akafunga na kuomba, akitafuta ni mapepo gani yanayomfuata nyuma. Ndugu zangu, mtoto anaumwa mbele ya macho ya kanisa zima, na kanisa zima linasema haleluya!

Na mikono yake! Mliiona mikono yake? Ngozi ilikuwa inatoka. Kati ya vidole palikuwa pekundu, panatoa damu, na yeye anaendelea kuitia sabuni. Mikono ya fundi, iliyokuwa inapitisha uzi kwenye tundu la sindano bila hata kuangalia. Nilimwekea mafuta ya mawese, akayanawa.

Halafu ile Jumapili ya mvua akaufunga mlango kwa komeo na nusu ya kanisa ikabaki nje inalowa, wazee wakiwemo. Alisema wale walio nje si wenyewe, ni wengine wamevaa sura zao. Hapo ndipo mkashtuka. Mlilowa, mkashtuka! Na palepale mkageuka, mkasema ana pepo. Jumapili iliyopita alikuwa na wito, Jumapili hii ana pepo! Hakuna hata mmoja aliyesema mtoto huyu ni mgonjwa, apelekwe kwa daktari.

Alirudi nyumbani, na kazini hakwenda tena. Alishona mapazia ya chumba chake yakashikana katikati. Kisha akaingia kitandani na kushona chandarua kwa ndani, pande zote, kwa uzi mnene wa nailoni, akabaki mle. Akitaka kutoka alifumua kidogo, akirudi alishona tena. Chakula changu hakukila. Alikula ndizi, kwa sababu alimenya mwenyewe, na mayai niliyomletea na maganda yake.

Siku moja nilitoka sokoni, nikaingia chumbani kwake moja kwa moja na barakoa usoni. Akaniuliza, "We ni nani?"

Nikasema, "Ni mama."

"Toa maski."

Nikaitoa. Aliniangalia kupitia chandarua kwa muda mrefu, mwanangu niliyemzaa mimi. Kisha akasema polepole, kama mtu anayenihurumia, "Toa na hii ya chini pia."

Ndugu zangu, nilitoka nikakaa jikoni kwenye kigoda na nikashindwa hata kulia. Ningemwonyesha uso gani mwingine?

Zamani, siku ile mngekuja. Mtoto wa mjane haonekani, hasalimii, hali, mngekuja na sufuria za maharage, mngekaa, mngeuliza. Mwaka ule hamkuja, na kila mmoja alikuwa na sababu safi kabisa: ni kujikinga, dada, ni kujikinga. Mkapita mbele ya nyumba yangu mkinyoosha vidole kwa mbali. Mimi nilikuwa ndani na mtoto aliyejishonea ndani ya chandarua.

Nilijaribu. Nilimbembeleza akakubali niende naye kwenye kituo kimoja cha afya, jina lake sitalitaja. Alikubali kwa masharti: avae sweta, na juu ya sweta koti, na juu ya koti koti jingine, ili vitu visimpenye. Katika jua la Bujumbura! Tulipofika getini, mlinzi akampima kwa kile kifaa cha kuelekeza kwenye paji la uso. Kilipiga kelele. Mlinzi akaruka nyuma, akapaza sauti, "Uyu ana joto! Simama kule, usikaribie watu!" Watu waliokuwa kwenye mstari wakatawanyika, wakikimbia huku wakivuta watoto wao.

Mwanangu alikuwa amekaa miezi akiamini kwamba watu wanamkimbia na wanapanga kumkamata. Na pale getini akaona kwa macho yake kwamba ni kweli.

Alikimbia. Alivuka barabara kati ya pikipiki na teksi, makoti yakipepea, na mimi nyuma yake na viatu mkononi. Mlinzi aliniita, akaniambia: aende akapimwe kwanza ile corona, akae ndani hadi jibu litoke, ndipo arudi. Nikasema, baba, si corona, ni kichwa. Akasema, "Mama, ile ndiyo amri, mi nitafanya aje?" Tulipopata kupimwa na jibu likatoka kwamba hana, Arsène alikuwa ameapa kutotoka tena nje ya ile nyumba. Najua yule mlinzi alifanya alichoagizwa. Bado nina hasira naye. Nimeomba iniondoke na haijaondoka.

Ndipo wazee mkaja, mkamchukua kwa nguvu hadi kwenye chumba cha maombi hapo nyuma. Hapo hamkuogopa corona! Mkamzunguka, mkamfungisha chakula, mtu ambaye tayari alikuwa hali. Mkampigia kelele masikioni mkiamuru pepo atoke. Kichwani mwake zilikuwemo sauti tayari, zinamtukana kutwa kucha, nanyi mkaongeza za kwenu. Nilileta uji, nikaambiwa uji utaharibu mfungo. Nilirudi nao nyumbani umepoa. Nikasikia sauti ya mwanangu dirishani akisema, "Nimekubali, nimekubali, mi ndiye pepo, muniache." Na mtu akajibu amina!

Nani alijibu amina? Simtafuti. Anajijua.

Nilimtoa mle ndani kwa kupiga kelele kuliko wao. Mzee Zakaria alisema ninamnyima Mungu nafasi. Nilimvusha Arsène hadi nyumbani amekonda, ananuka, na kufika tu akachukua sindano na kuanza kushona chandarua chake.

Sasa nisikilizeni, maana ukombozi unaanza hapa, na mlango ulioingilia hamkuutarajia.

Mjini kuna duka la vitenge la mwanamke anayeitwa Mama Nasra. Ni Mwislamu, familia yao ni ya Waarabu wa Omani waliokaa hapa tangu mababu, wakiuza vitambaa. Kila wiki Arsène alikuwa akienda kwake kuchukua mizigo ya atelie, na yule mama alimpenda, alimtania kwamba atamwozesha binti yake kama ataacha kuimba kwaya. Mwanzoni mwa ule ugonjwa wa dunia alikuwa amevuka kwenda Uvira, upande wa Kongo, kumuuguza mama yake. Mpaka ukafungwa nyuma yake. Uvira, ndugu zangu! Milima yake tunaiona kutoka ufukweni kila asubuhi ikiwa hakuna ukungu. Mtu mmoja katika mji huu ambaye angeutambua ugonjwa wa mwanangu alikuwa amekaa pale, tunakoona kwa macho, na hakuna aliyeweza kuvuka.

Mpaka ulipofunguliwa, alirudi, akakaa zile siku za kutengwa kama walivyoagizwa wasafiri. Kisha akafungua duka, na alichouliza kwanza ni Arsène yuko wapi. Wakamwambia amekuwa musazi, mwendawazimu, anakaa ndani. Akafunga duka lake mchana ule ule, akaja Kinama na teksi, akaingia nyumbani kwangu bila kupiga hodi ya pili. Akanipa mkono. Akanishika! Nilikuwa nimesahau mkono wa mtu ukoje.

Akaniuliza, "Mama Arsène, mutoto alianza lini?"

Nikasema, "Alianza na ile corona."

"Apana, mi siulize corona. Nauliza, lini alianza kukataa mukono?"

"Pale mwanzoni kabisa."

"Na hamukuona?"

"Tungeona aje, Mama Nasra? Kila mutu alikuwa anakataa mukono."

Akafuta machozi kwa ncha ya mtandio wake, na alipozungumza tena alikuwa amekasirika kuliko mimi. "Mi ningekuwa hapa, ningejua siku ile ile. Arsène aingie mu duka yangu asinipe mukono? Arsène? Ningefunga duka, ningekuja kukutafuta kule kwa samaki. Ndugu yangu mudogo alianza vile vile. Hii ni ugonjwa ya kichwa, dada, na iko dawa. Sisi dua tulisoma, na dawa tulimupa. Vyote viwili. Ule mutoto leo ameoa, ana bibi na watoto."

Akaingia chumbani, akaketi chini sakafuni kando ya kitanda, na ushungi wake na bangili zake za dhahabu. Hakuomba mkono. Hakupaza sauti. Alishika pindo la chandarua akaliangalia kwa karibu, kama anavyoangalia kitambaa kilicholetwa dukani.

"Arsène, hii umeshona na uzi gani?"

Kisha mwanangu akajibu, "Ni nailoni."

"Umeshona sawa. Hakuna pahali imeruka hata kidogo. Ni nani mwingine anaweza kushona vile?"

"Hakuna."

"Basi mi siwezi kuikata, ni kazi nzuri. Fumua we mwenyewe, polepole. Mi niko hapa, sina haraka. Tunaenda kuona muganga wa ndugu yangu, kule ku hospitali."

Na akafumua, ndugu zangu. Kwa ncha ya sindano, tundu kwa tundu, na vidole vyake vyenye vidonda. Jua lilihama kutoka dirishani hadi mlangoni na Mama Nasra hajainuka. Katika chumba cha maombi wanaume wenye nguvu hamkumtoa katika kile alichoshonewa kichwani. Mwanamke mmoja wa Kiislamu alimtoa kwa kumwambia kwamba kazi yake ni nzuri.

Tukaenda Kamenge, kwenye hospitali ya magonjwa ya akili. Kabla ya geti Mama Nasra aliisimamisha teksi, akatukalisha kivulini. "Utoe makoti, mutoto yangu, upoe kwanza. Pale wanapima joto." Aliyavua moja baada ya jingine, na yule mama akayashika yote mapajani kwake. Kifaa hakikupiga kelele. Tukaingia! Kitu kidogo namna hiyo, kivuli na subira, na mimi sikuwa na mtu wa kuniambia.

Daktari alimsikiliza Arsène kwanza, kisha akanigeukia mimi. Tangu lini, mama? Nilipomweleza aliweka kalamu chini. "Mama, mumechelewa sana. Haiko kusema imekwisha, tutamutibu, na atapata nafuu. Lakini hii ugonjwa ukiikamata mapema, kabla haijakaa mu kichwa, kurudi kunakuwa mwepesi. Ikikaa, inaacha alama." Akaongeza, "Si we peke yako. Wengi wanaletwa sasa, walikaa nayo nyumbani muda ule wote. Watu walikuwa wanaogopa kuja, na wengine waliona mutoto anajifungia, wakasema ni vizuri."

Walisema ni vizuri. Nilikumbuka vigelegele vyangu.

Bwana asifiwe! Kurudi kulikuwa kwa polepole. Dawa ya kwanza ilimtia usingizi na mate yakamtoka, mikono ikatetemeka, daktari akaibadilisha. Kisha sauti zikaanza kupungua, akaniambia mwenyewe, "Mama, leo wanaongea chini chini." Akaacha kunawa ovyo, ngozi ikafunga. Na siku moja nilikuwa ninakaanga ndagala jikoni, akaja nyuma yangu, akanyoosha mkono, akachukua samaki mmoja kutoka kiganjani mwangu na kumla akiwa amesimama. Kutoka kiganjani mwangu! Nilipiga kelele hadi jirani akadhani nimeungua. Utukufu kwa Mungu, na ninausema kwa sauti yote niliyo nayo!

Lakini alama ziko. Kwa nini nizifiche ili ushuhuda upendeze? Suti hashoni tena, vipimo vinampotea kati ya karatasi na kitambaa. Amerudi atelie, lakini sasa anashona mashuka na mapazia, mshono ulionyooka. Daktari anasema huenda mengine yatarudi, huenda hayatarudi. Muda ule mliokuwa mkimsifu pale mlangoni, na muda ule mliokuwa mkimpigia kelele mle chumbani, na muda ule mpaka ulipokuwa umefungwa, ndio uliokula suti za mwanangu. Ninamshukuru Mungu kwa mashuka. Kwa suti nina hasira, na sitaki mtu aniambie niiache leo.

Na sasa mjue kwa nini nimesimama. Mwezi uliopita Mzee Zakaria alimwona Arsène anavyopendeza, amenenepa, anasalimia. Akamwita pembeni, akamwambia: mwanangu, umepona, mbona bado unameza vidonge? Tupa dawa, ili ushuhuda wa mama yako uwe kamili. Mzee, ulisema au hukusema? Basi.

Arsène ni mtoto wa heshima, na mtu mzima wa kanisa amesema. Akaacha. Mbele yangu aliweka kidonge mdomoni, nikigeuka alikitoa. Sikujua kitu, hadi nilipofika atelie na kuona juu ya meza yake shuka la maua. Alikuwa ameligeuza, maua yamelala chini.

Ndugu zangu, nilivuta droo ya cherehani, na mle ndani, katikati ya bobini na vifungo, nikakuta vidonge vyake vyote. Safari hii sikucheka. Sikuulizana na mtu kama ni uchovu. Nilimwambia, "Arsène, maua yamekuangalia?" Akainamisha kichwa. "Kidogo, mama." Nikaacha samaki wangu mezani sokoni, wakaliwa na nzi, na siku ile ile tulikuwa Kamenge. Daktari alisema, leo umewahi, mama. Umewahi! Hilo neno nililitamani kuliko neno lolote la duniani, na Mungu alinipa.

Huo ndio ushuhuda wangu. Mungu amenitendea. Alimrejesha Mama Nasra kutoka ng'ambo. Alimpa mtu akili ya kutengeneza kidonge. Alinifungua macho nikaona shuka lililogeuzwa. Mwaminini Mungu huyu, ndugu zangu, mwaminini kwa moyo wote, wewe mama mwenye binti aliyejifungia ndani, wewe baba mwenye kijana asiyetaka chakula cha nyumbani. Mwaminini, na palepale mkamatie mtoto wako teksi umpeleke Kamenge. Mungu yuko kule pia, nimemkuta. Msingoje mlango mwingine ufunguliwe. Na mtoto wako akikataa mkono, hata kama dunia nzima imekataza mikono, muulize kwa nini.

Nataka jambo moja la mwisho, kisha nikae.

Leo asubuhi sikumpa Arsène dawa yake. Nilimwomba tuje tuimezee hapa, na alikubali, sikumlazimisha. Yuko benchi la mwisho, karibu na mlango ule ule. Arsène, kuja mwanangu. Kuja, usiogope, hakuna anayekukimbia leo.

Hiki hapa kidonge. Haya ni maji. Kanisa, angalieni wote, wamama mwangalieni. Meza, mwanangu.

Amina! Sasa sitaki mtu amwekee mkono kichwani. Simameni, pangeni mstari, mpeni mkono, kama kwetu tunavyopeana, na msiuachie haraka.

Mzee Zakaria, anza wewe.